Droni ufuoni Diani, karibu na uwanja wa Ukunda

Ndugu yangu uliyeuliza, hapana: udogo wa uwanja wa ndege wa Ukunda haukupi ruhusa ya kurusha droni hapo Diani. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinakataza kurusha ndani ya kilomita 7 za uwanja mdogo, na 10 kwa mkubwa, bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Na ufuo uko karibu mno na uwanja.

Kile kikomo cha droni kutopanda zaidi ya futi 400 hakikuokoi. Ndege inayokaribia kutua iko chini ya hapo, imejaa abiria, na rubani hakioni kidude cha ukubwa wa sahani mpaka kiwe mbele ya kioo. Sajili droni, omba kibali, ngoja jibu. Kabla ya hapo tafadhali usiirushe.