Kabla ya kununua mfumo mpya wa maarifa, angalieni kwanza fomu ya saa

Mkuu, umesema kampuni yenu ya ushauri ina maktaba ya nyaraka kwenye mtandao wa ndani, haifunguliwi na mtu, na sasa mabosi wanataka kununua mfumo mwingine. Nimekaa miaka tisa kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi na ushauri, miwili ya mwisho nikiwa mtunzaji wa maktaba kama hiyo. Msinunue kwanza.

Kwetu kila saa ilijazwa kwenye fomu, na kila saa ilidai namba ya kazi ya mteja. Kuandika mlichojifunza baada ya kazi kuisha hakukuwa na namba. Sasa nani atakesha bure, halafu mwisho wa mwaka aulizwe mbona saa zake za kulipwa ni chache kuliko za mwenzake? Si jambo geni. Mwaka 1992 mtafiti Wanda Orlikowski alieleza jinsi kampuni kubwa ya ushauri ilivyowawekea wafanyakazi Lotus Notes, programu ya kupeana ujumbe na nyaraka, ili washirikiane, kumbe kupanda cheo kulikuwa kwa kushindana, na muda wa kujifunza programu yenyewe haukuwa na mteja wa kuulipia. Programu zimebadilika, fomu ya saa ni ile ile.

La pili ni kilichomo ndani ya maktaba. Siku moja nilitafuta kazi ya zamani ya tathmini ya mikopo. Nikakuta "Ripoti_mwisho", "Ripoti_mwisho_kabisa" na "Ripoti_mwisho_TUMIA_HII". Slaidi zinapendeza, ila hakuna hata moja iliyosema kwa nini timu iligeuza mpango katikati ya safari. Nikampigia dada aliyeongoza kazi ile. Akacheka: "Usianze na takwimu za makao makuu, utapoteza wiki. Anza na za matawi." Dakika kumi tu, na jambo hilo halikuwa kwenye slaidi yoyote.

Basi tukaomba idara ya fedha itoe namba ya kujazia muda wa kuandika, saa mbili kwa kila kazi inayofungwa. Ilichukua miezi mitano ya kubembeleza (mapatna, yaani wakubwa wanaomiliki kampuni, hawapendi kusikia saa isiyo na ankara). Badala ya kupakia kila kitu, timu ikaandika ukurasa mmoja: tatizo lilikuwa nini, tulikosea wapi, umpigie nani. Nyaraka za kale tulizifuta bila huruma.

Tahadhari moja kubwa ni siri za wateja. Tuliwahi kupokea slaidi zilizofutwa majina vizuri kabisa, lakini grafu ilikuwa imebandikwa pamoja na jedwali lake lote la Excel. Ukiibofya mara mbili, majina yote ya wakopaji haya hapa. Tangu siku ile grafu kwetu iliingia kama picha tu.

Kwa hiyo kesho nenda fedha, uliza kama namba hiyo inaweza kufunguliwa. Wakikataa, njoo hapa utuambie walitoa sababu gani, nadhani ninaijua tayari.