Maswali ya Wasomaji: Povu la alumini husimama vipi?

SWALI: Mhariri, nimesoma kuhusu alumini yenye matundu ndani, nyepesi hata inaelea majini. Mbona alumini iliyoyeyuka ikipulizwa gesi viputo vinapasuka tu?

JIBU: Kwa sababu alumini safi ikiyeyuka hutiririka karibu kama maji. Metali iliyo kwenye kuta za viputo huchuruzika kwenda chini, kuta zinakonda, zinapasuka. Wengi hudhani tatizo ni gesi, kumbe ni mnato mdogo, yaani metali ni nyepesi mno kutiririka.

Katika Alporas, njia ya Japani ya kutengeneza povu la alumini, alumini huyeyushwa kwa nyuzi 680 za Selsiasi, kisha hutiwa kalsiamu asilimia 1.5 ya uzito na kukorogwa hewani kwa dakika kadhaa. Hatua hii haifai kuharakishwa: ndiyo inayozaa chembe za oksidi zinazofanya metali iwe nzito kama uji, isichuruzike upesi. Baadaye hutiwa unga wa haidraidi ya titani (titani iliyoungana na haidrojeni), asilimia 1.6, na kukorogwa upesi. Unga huo hutoa haidrojeni, povu linajaa kalibu kwa takriban dakika 15, kisha hupozwa kwa feni. Sentimita moja ya ujazo hubaki na gramu 0.18 hadi 0.24 tu, wakati alumini ya kawaida ina gramu 2.7.

Vifaa vyote vikaushwe kabisa kwa moto kabla ya kugusa metali. Unyevu kidogo ukizama ndani yake hulipuka na kurusha alumini ya moto. Haidrojeni nayo huwaka, kwa hiyo karakana iwe na hewa ya kutosha.

SWALI: Povu likiganda na tabaka zito chini, kosa liko wapi?

JIBU: Ama kalsiamu haikukorogwa vya kutosha, ama upozaji ulichelewa. Matundu makubwa yaliyotawanyika ovyo ni dalili nyingine: unga wa haidraidi uliganda mabonge.

Kuna na njia nyingine: wanaotumia unga wa alumini ulioshindiliwa pamoja na haidraidi, kisha kupashwa moto, hupata nyufa badala ya viputo vya mviringo. Haidraidi huanza kutoa gesi kwenye nyuzi 400 hivi, ilhali alumini huyeyuka kwa 660. Haidraidi ichomwe kwanza hewani kwa nyuzi 480, saa tatu, ipate ngozi ya oksidi inayochelewesha gesi. Au tumia aloi ya alumini na silikoni, ambayo huanza kuyeyuka kwa 577.