Shikamoo haizuii ubaguzi dhidi ya wazee
Dada, umeuliza kama ubaguzi dhidi ya wazee ni mambo ya Ulaya, maana sisi tunawaamkia shikamoo. Hapana. Hapa Tabora bibi mjane mwenye macho mekundu bado anaweza kuitwa mchawi. Mwaka 2017 wanawake watano waliuawa Nzega kwa tuhuma hizo. Na macho yale ni moshi wa kuni, jamani, miaka mingi jikoni! Mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna mtu anayelitaka shamba la bibi huyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, lakini mzee akilalamikia goti anajibiwa “ni uzee tu”, anarudishwa bila kupimwa. Huo nao ni ubaguzi.