Usimuulize mwanaume uanaume ni nini

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza albamu ya kisa kimoja, ile ambayo nyimbo zake zinashikana, ina picha zake za video, na mwisho hupandishwa jukwaani: nawaandikia kutoka Bagamoyo, nilikokuwa fundi sauti wa albamu ya namna hiyo kuhusu uanaume. Ilituchukua misimu miwili ya kusi. Mimi ni mwanamke, na hilo lina uzito katika mengi nitakayosema.

Kosa tulilianza siku ya kwanza. Tulishuka soko la samaki alfajiri na kinasa sauti, tukamuuliza kila mvuvi, "Kwako wewe mwanaume ni nani?" Tulirudi na rekodi yenye urefu wa saa 4, maneno yale yale. Mwanaume kichwa cha nyumba. Mwanaume halii. Jikaze kisabuni. Hawakutudanganya. Swali lilikuwa la jumla, wakatupa jibu ambalo kila mtoto wa kiume analo mdomoni tangu siku alipoanguka akaambiwa anyamaze.

Ulizeni kitu kinachoshikika. Fundi mmoja wa mashua tulimuuliza nani alimfundisha kutia kalafati. Akamtaja baba yake, akaeleza pamba inavyogongwa kwenye maungio ya mbao, harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, nyundo aliyoachiwa. Kisha akanyamaza. Ukimya ule una sekunde 11, na ndio unaofungua wimbo wa tatu. Prodyuza alitaka kuukata kwa kuwa "hakuna kitu pale". Nilimkatalia, na ningemkatalia tena leo. Mtu akinyamaza msizime kinasa, wala msimsaidie neno.

Ili ukimya huo usikike, fanyeni haya. Kabla ya kuondoka mahali, rekodini dakika 2 za mahali penyewe bila mtu kusema, maana ukimya wa ufukweni na ukimya wa studio ni vitu viwili, na mkija kushona maneno msikilizaji atasikia kiraka. Acheni nafasi ya desibeli 12 hivi juu ya sauti ya mtu, kabla ya kiwango ambacho rekodi hupasuka. Anayenong'ona huweza kucheka ghafla. Rekodini kwa kasi ya sampuli ya kilohezi 48, si 44.1 ya CD, kwa sababu sauti hiyo itakwenda kukutana na video, nayo hutumia 48. Maiki ivisheni sponji na manyoya. Upepo wa huku hauna huruma.

Halafu angalieni nani ameshika maiki. Hili sikulisikia likifundishwa popote. Mzee mmoja nilimrekodi mimi, akanieleza namna alivyolisha nyumba yake, hesabu zote, mpaka bei ya unga wa wakati huo. Wiki iliyofuata alirekodiwa na mwenzangu wa kiume, akasimulia safari za baharini na ugomvi alioshinda. Mara ya tatu tulimpa kinasa mjukuu wake wa miaka 12, tukaondoka. Kwa mjukuu alisema aliwahi kuogopa maji miaka miwili baada ya mashua kupinduka, na hakumwambia mtu. Tulizitumia zote tatu, moja juu ya nyingine, ile ya mjukuu ikiwa chini kabisa. Msichague moja mkaiita ndiyo ya kweli.

Studioni mtakutana na jambo jingine: waimbaji vijana wakisikia mada ni uanaume, wanalazimisha sauti nzito. Tulipoteza siku nzima kwa hilo. Nilichofanya ni kuwasikilizisha Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha hapa hapa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Sauti yake ilipanda juu kabisa ikashuka chini kabisa, na hakuna aliyewahi kumwona pungufu. Kijana mmoja akaomba arudie wimbo wake oktava moja juu. Ndio huo uliobaki.

Na ngoma je? Mji huu una bahati. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mapigo ya mikoa mingi yanafundishwa. Kwa Wagogo, muheme hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa kati ya mapaja. Wimbo wetu wa nguvu tuliwakabidhi wao. Hatukuandika maelezo yoyote, tuliwaweka mbele ya jukwaa tu.

Kuna wimbo wa "bwaga moyo" pia, maneno yanayosemwa kuwa ndiyo asili ya jina Bagamoyo, tuliuandika tukaufuta. Kila anayeandika juu ya mji huu hukimbilia hapo.

Sasa la jando. Mzee mmoja alituimbia wimbo wa jandoni, tukaurekodi kwa furaha, tukaupa nafasi ya sita. Mzee mwenzake alipousikia alikaa kimya, kisha akasema wimbo ule hauimbwi mbele ya asiyeingia jandoni, na mimi niliyekuwa nimevaa spika za masikioni nilikuwa wa kwanza kukosa haki ya kuusikia. Niliona aibu kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi, isomeni, lakini kabla ya sheria kuna wenyewe. Waulizeni wazee zaidi ya mmoja, na waulizeni kabla ya kubonyeza kitufe. Tuliufuta. Mahali pake tuliweka nyayo za watu wakitembea juu ya mchanga, urefu ule ule, dakika 2 na sekunde 40.

Jukwaani, kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, fuatilieni mapema, basi. Kitambaa cha picha tulikishona kwa merikani, na jaribio la kwanza kusi ikakijaza kama tanga, nguzo zikalala. Wavuvi ndio waliotufungia kwenye foromali, ule mti wa kutundikia tanga, wakaacha pembeni pa kupitisha upepo. Ngoma za ngozi hulegea kwa unyevu wa bahari, ziandalieni moto wa makuti. Anzeni baada ya isha: watu wameshasali, na giza limetosha projekta. Na kama wimbo unasema baba, picha isionyeshe baba. Sisi tulionyesha nyundo.

Usiku wa onyesho ilipofika nafasi ya sita tulizima taa na picha, zikabaki nyayo peke yake. Wazee waliokaa nyuma wakaanza kupiga makofi taratibu, mapigo ya ule wimbo, bila neno hata moja. Maiki zangu zote zilikuwa zinatazama jukwaa. Wekeni moja itazame watu.