Jibu: Je, Samora ndiye aliyeongoza jeshi la FRELIMO tangu 1964?

Salaam ndugu. Umekwama kwa kuwa vyanzo vyako vinagongana kuhusu kamanda wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, vita vilipoanza huko. Angalia mwaka kwanza. Nami nilipotea hapohapo. Septemba 1964 mkuu wa ulinzi alikuwa Filipe Samuel Magaia. Alipouawa Oktoba 1966, ndipo Samora Machel akashika nafasi hiyo.

Kazi ya Samora haikuwa kufyatua risasi tu. Kambini Nachingwea, kusini mwa Tanzania, askari walifunzwa silaha, wakalima na kusoma. Wanawake nao walivuka mto Ruvuma na masanduku ya risasi kichwani, wakitembea siku nyingi hadi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kwangu, huo msafara ndio uti wa mgongo wa vita vile. Urais wa FRELIMO Samora aliupata 1970, usiuchanganye na ukamanda.