Prioni na seli za kinga

Mdogo wangu wa Nzega, umeuliza prioni, ile protini ya kichaa cha ng'ombe, inaingiaje kwenye somo la kinga ya mwili. Somo lenu linahusu protini hiyo ikiwa bado nzima. Mimi ninayo, wewe unayo: imeshika kwenye utando wa nje wa seli, kwa wingi kwenye ubongo, lakini pia kwenye chembe nyeupe na seli mama za uboho. Maradhi huja inapokunjika vibaya na kuambukiza nyingine mkunjo huo.

Sasa kinga. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichukua uboho wa panya wasio na jeni ya protini hii, wakaupandikiza kwa panya waliopigwa mionzi ili kuua uboho wao wenyewe. Mwanzoni ulizalisha damu vizuri tu. Walipouhamisha tena na tena kwa panya wengine, ulichoka mapema kuliko uboho wa kawaida. Yaani protini hii husaidia seli mama kujizalisha upya, na seli mama hizo ndizo chanzo cha seli zote za kinga. Seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, nazo huongeza protini hii kwenye utando wao zinapoamshwa.

Ila usije ukajibu kwenye mtihani kwamba bila prioni hakuna kinga! Panya wasio nayo walitangazwa mwaka 1992; walikua na kuzaa kama kawaida, na seli za kinga walikuwa nazo. Pengo huonekana zaidi uboho unapobanwa, kama ulipohamishwa tena na tena.

Na kichaa cha ng'ombe chenyewe ni mada nyingine. Uingereza ugonjwa ulienezwa na chakula cha mifugo kilichotiwa unga wa nyama na mifupa.