Waliniita Fundi Kile-Kile

Kijana mmoja kaniandikia wiki iliyopita: "Kaka, mimi vifaa vya kupimia vyote naviita kipimo na kazi inaenda. Kuna ubaya gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo ni mimi mtupu wa miaka ile.

Nilipoingia karakana, rula, kalipa ya kupimia kwa taya, maikromita ya kubana kitu na kusoma unene wake, vyote kwangu vilikuwa "kile kipimo" na "kile kingine". Siku moja nikapewa shafti, yaani mhimili wa chuma, iliyotoka kukerezwa niihakiki; ilitakiwa iwe milimita 12.78. Nikaibana kwa maikromita, nikasoma 12.28. Msimamizi akapaza sauti katikati ya kelele za mashine: "Umeangalia mstari wa nusu?" Mstari wa nusu! Sikuujua, na kuuliza niliona aibu. Nikaitikia ndiyo. Shafti ikatupwa kwenye chuma chakavu.

Fundi mmoja mzee aliiokota, akaipima upya. Ilikuwa sawasawa kabisa. Akaniita, akanionyesha: kwenye shina la maikromita, ile sehemu isiyozunguka, mistari ya milimita nzima iko upande mmoja na ya nusu upande wa pili. Ile ngoma ya kuzungusha ina mistari 50, kila mmoja 0.01, kwa hiyo ikizunguka mara moja inasogea nusu milimita tu. Mstari wa nusu ukishachungulia ukingoni mwa ngoma, unaongeza 0.50. Mimi niliuruka. Tangu hapo nikawa Fundi Kile-Kile hadi naondoka pale, na hata leo nikilisikia jina hilo sicheki sana.

Sasa nyie vijana, jifunzeni majina. Kalipa ya venia, ile yenye skeli ndogo inayoteleza kando ya skeli kubwa, ina taya za nje, taya za ndani na kijiti cha kupimia kina. Ukiambiwa taya za ndani, ni shimo hilo linapimwa. Kwenye kuchora, bikari inachora duara, dira inatafuta kaskazini. Pimamaji ni ya ulalo, timazi ya wima. Na "nipe futi" ulizeni kwanza, maana mmoja anataka tepu, mwingine anazungumzia inchi 12. Ulizeni! Mnaona fahari kushika mashine kubwa huku hamjui mnachokishika mkononi kinaitwaje. Majina, jamani, majina.

Nilimwandikia kijana yote haya. Jana kajibu: "Nimekuelewa kaka. Ila kile cha kupimia pembe kinaitwaje?"

Kipimapembe, mdogo wangu.